Henriette Ajifunza Kusema Anachopenda

Henriette ni msusi. Anasuka nywele katika saluni moja katikati ya jiji la Durban, juu ya duka la vitambaa. Vidole vyake ni vyepesi, na wateja wanaipenda kazi yake. Lakini zamani hakuongea nao. Alikuwa amekaa Durban miaka sita, na Kiingereza chake kilikuwa cha maneno manne au matano tu.

Nyumbani kwake, mtaa wa Umbilo, aliongea Kiswahili na mumewe, Sébastien. Wote wawili walitoka Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Binti yao, Glody, alikuwa darasa la nne na alikijua Kiingereza vizuri. Henriette aliona aibu kumwuliza mtoto maneno ya Kiingereza.

Alhamisi moja alikuja mteja aitwaye Thandazile. Mwezi uliofuata angeanza kazi mpya benki, na alitaka kusukwa kwa nywele za manjano. Alichukua fungu la nywele za bandia, akaliweka karibu na uso wake, akamwuliza Henriette anaonaje.

Manjano haikumfaa. Ilimfanya aonekane kama mgonjwa. Henriette alitaka kumwambia, "Rangi hii siipendi kwako." Alitafuta maneno ya Kiingereza. Akasema:

"No. I don't like you."

Maana yake ni, "Sikupendi wewe."

"Eish!" alishangaa Thandazile. Akaliweka fungu mezani, akachukua mkoba wake, akatoka. Nywele zake zilikuwa zimechanwa upande mmoja tu.

Mama Matilda, mwenye saluni, naye Mkongo, alimkimbilia mpaka kwenye ngazi. Alirudi peke yake.

"Henriette, umemwambia nini ule mama?"

"Nilimwambia rangi haiko muzuri."

"Hapana. Umemwambia humpendi. Na huyu si wa kwanza kutoka na hasira. Ukifukuza mwingine, nitatafuta mtu anayejua kuongea. Nakuhurumia, lakini saluni hii inalisha familia nne."

Siku tatu Henriette hakula vizuri. Jumapili, baada ya kanisa, alibisha mlango wa jirani yake, Clementina. Clementina alikuwa Mtanzania wa Bukoba. Zamani alifundisha Kiingereza shule ya msingi. Siku hizi aliuza simu mjini. Alimsikiliza Henriette mpaka mwisho, asicheke.

"Pole, Mama Glody. Hebu niambie kwa Kiswahili ulichotaka kusema."

"Rangi hii siipendi kwako."

"Haya. Katika neno 'siipendi', rangi iko wapi?"

Henriette alifikiri. "Haiko."

"Ipo. Sikiliza: si-i-pendi. Hiyo 'i' ya katikati ndiyo rangi. Sisi tunaificha ndani ya neno. Mwingereza anaitoa nje na kuiita 'it'. Kwa hiyo sema, 'I don't like it on you.' Hapo mtu anajua humkatai yeye, unakataa rangi."

Henriette akarudia. Akarudia tena.

"Lakini kwa mteja, hata hiyo ni kali kidogo," alisema Clementina. "Sema polepole, 'I'm not so sure about it.' Yaani, sina hakika nayo. Halafu mwonyeshe nyingine: 'I prefer the brown.' Napenda zaidi ile ya kahawia. Na akifika, usimwulize 'What do you want?' Atadhani umemchoka. Mwulize, 'What would you like?'"

Sébastien alikuja kumtafuta mkewe. Akasimama mlangoni, akisikiliza.

"Sasa tuache saluni," alisema Clementina. "Wewe mwenyewe, what do you like? Unapenda nini?"

Durban watu walikuwa wamemwuliza karatasi zake, anakaa wapi, anaweza kuanza kazi lini. Swali hili hakuna aliyemwuliza.

"I like... I like the lake," alisema.

"Ziwa?" Sébastien alicheka. "Si maji iko pale chini, bahari nzima?"

"Ile iko na chumvi. Ya kwetu tulikuwa tunakunywa. Tulikuwa tunaosha masahani na mchanga, samaki wadogo wanakuja kula makombo kwenye vidole vyetu. Umesahau?"

Sébastien aliacha kucheka. Akaingia, akaketi. "Na milima nyuma ya nyumba," alisema polepole. "Asubuhi iko na ukungu mpaka chini."

"Kitu ulichokiacha mbali, na moyo bado unakitaka," alisema Clementina, "unasema 'I miss'."

"I miss the lake," alisema Henriette.

"I miss the mountains," alisema Sébastien.

Clementina alitazama dirishani. "Mimi, I miss senene, wale panzi aliokuwa akiwakaanga mama yangu."

Kisha akamwambia Henriette, "Namba ya yule mteja unayo?"

"Ninayo. Lakini naogopa."

"Mwombe msamaha kwa sauti yako mwenyewe."

Walijaribu mara nyingi. Mwishowe Henriette alirekodi ujumbe kwenye simu: "Sister Thandazile, I am sorry. I like you. I don't like the yellow on you. I prefer the brown. Please come." Alimwomba msamaha, akamwambia anampenda yeye, ila manjano ndiyo haimpendezi, na arudi.

Jumatatu hakujibiwa. Jumanne pia hakujibiwa. Jumatano asubuhi mlango wa saluni ulifunguliwa. Alikuwa Thandazile, amefunga kitambaa kichwani.

Henriette alimwendea. "Good morning, sister. What would you like today?"

Thandazile alitabasamu. "The brown," alisema.

Henriette alisuka kwa saa nne. Thandazile alipojiona kwenye kioo, aliona rangi ya kahawia imeng'arisha uso wake. "I love it!" alisema. Kisha akauliza nani alimfundisha Henriette kusuka.

"My mother," alijibu Henriette. "She liked singing. Every Sunday, my hair, her singing. I miss it." Yaani, kila Jumapili mama yake alimsuka huku akiimba.

Thandazile alisema bibi yake wa mji wa Nongoma naye alimsuka kila Jumapili, akivuta nywele mpaka machozi yanatoka. "I didn't like it!" alisema huku akicheka.

"My mother also!" alisema Henriette, akionyesha kwa mkono jinsi mama yake alivyovuta. Wote wawili wakacheka.

Siku hizi Henriette ndiye anayepokea wateja mlangoni. Bado anakosea maneno. Akikosea, anamwambia mteja asubiri kidogo, anatafuta neno, anasema tena. Jumatano ile, alipokuwa akimweleza Thandazile habari za mama yake, Mama Matilda aliinuka kwenye kiti chake, akapunguza sauti ya redio ya saluni ili naye asikie.