Watu Thelathini wa Nerys

Kila asubuhi Nerys Pugh alitoka nyumbani saa mbili kasorobo, akavuta kofia ya koti lake hadi kwenye nyusi, akakata njia nyuma ya kituo cha reli ili asikutane na watu wa kusalimiana nao. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mbele ya mtu asiyemfahamu ulimi wake uligeuka gogo. Hata kwenye kantini ya shule, rafiki yake Sioned ndiye aliyemwagizia chipsi.

Februari ile mvua haikuupa mji wa Llanelli nafasi ya kupumua. Siku moja Mwalimu Prosser, aliyewafundisha somo la filamu, aliwagawa wanafunzi watatu watatu. Kila kundi lilitakiwa kupanga mwanzo wa filamu ya taharuki: dakika mbili tu, za kumfanya mtazamaji ashike kiti kwa mikono miwili.

"Kamera hamtaigusa mpaka niuone mpango," alisema. "Nataka michoro, picha moja baada ya nyingine. Nataka kujua mtapigia filamu wapi. Na nataka maoni ya watu thelathini: ni nini kinachowatisha? Msiniletee maoni ya paka wenu!"

Nerys aliwekwa pamoja na Sioned na Gethin Bowen, kijana mwenye sauti kubwa ambaye alikwisha kuipanga filamu nzima kichwani kabla hajaketi.

"Msituni," Gethin alisema. "Msichana anakimbia. Nyuma yake mtu mwenye kinyago na kisu. Damu hapa, damu pale!"

Sioned, aliyekuwa na mkono mwepesi wa kuchora, akachukua michoro. Gethin akachukua kazi ya kutafuta mahali, na ya kamera pia, maana alisema anaijua. Ikabaki ya kuuliza watu.

"Mimi?" alisema Nerys.

"Ndiyo kazi rahisi kuliko zote, bwana," alisema Gethin. "Unauliza, unaandika, basi."

Nerys akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi alikwenda sokoni na karatasi thelathini za maswali, moja kwa kila mtu. Alisimama karibu na meza ya jibini kwa muda wa dakika arobaini. Watu walipita na mikoba yao, naye kila mara alifungua kinywa akakifunga. Mwishowe mama mmoja akamwuliza, "Umepotelewa na nini, mwanangu?" Nerys akasema, "Hakuna," akatoka mbio kwenye mvua.

Jioni ile alijifungia chumbani, akazijaza karatasi zote mwenyewe. Alitumia kalamu tatu. Karatasi nyingine aliziandika kwa mkono wa kushoto. Alibuni fundi bomba, muuguzi na mzee wa miaka sabini na miwili. Kwa kuwa alijua Gethin anataka nini, watu ishirini na saba kati ya thelathini walisema hakuna kinachowatisha kama kinyago na kisu msituni.

"Sikuwaambia?" Gethin alishangilia Jumatatu. Sioned naye akainama mezani. Kwa wiki mbili alichora picha ishirini na nne: miti, matone ya damu, kinyago kikichungulia. Kila alipomwonyesha Nerys mchoro mpya, Nerys alisema, "Nzuri sana," na kila aliposema hivyo chakula kilimshinda.

Siku ya ukaguzi ilipofika, Mwalimu Prosser aliketi nao. Alizisoma karatasi polepole, moja moja, kisha akaziweka chini.

"Nerys, kati ya watu hawa thelathini, ni nani aliyekushangaza?"

Nerys akamtazama. "Kunishangaza vipi, Mwalimu?"

"Mimi nikiwauliza watu watano tu, mmoja lazima aniache mdomo wazi. Wewe umeuliza thelathini."

Nerys alizitazama zile karatasi. Macho yakamjaa machozi. "Sikumwuliza mtu yeyote," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeyaandika yote mimi."

"Nini?" Gethin aliruka. "Umetudanganya? Zimebaki siku tisa tu kukabidhi mpango!"

"Sauti, Gethin," alisema Mwalimu.

Sioned hakupiga kelele. Alikusanya michoro yake ishirini na nne, akaigongagonga mezani ikae sawa. Kwa Nerys hilo liliuma kuliko makelele.

"Mbona hukusema?" Sioned aliuliza hatimaye.

"Niliona haya. Siwezi kuongea na watu nisiowajua. Unanijua."

"Uliona haya kuongea nao, lakini hukuona haya kutudanganya sisi?"

Mwalimu Prosser alimpa Nerys karatasi thelathini nyingine, tupu. "Jumamosi ipo," alisema. "Kazi ni ile ile."

Jumamosi Sioned alikuja sokoni, akiwa bado na kinyongo. "Nitasimama hapa," alisema. "Lakini siulizi kwa niaba yako."

Mtu wa kwanza alimpita kana kwamba ni mlingoti. Wa pili alisema ana haraka. Nerys akaenda kwa Bi. Eirwen, mama mnene aliyeuza kombe za baharini za kuchemsha kwa vikombe vya karatasi.

"Samahani, mama. Ni... ni kitu gani kinachokutisha kwenye filamu? Mtu mwenye kinyago?"

Bi. Eirwen akacheka hadi mabega yakatikisika. "Kinyago! Mwanangu, wajukuu wangu wananivalia vinyago kila mwaka usiku wa kutishana, nami nawapa peremende." Kisha akaacha kucheka. "Unajua kilichonitisha mimi? Naishi peke yangu. Siku moja nimerudi kutoka kazini, nimefunga mlango, nikagusa birika. Lilikuwa la moto."

Nerys alisahau kuandika. "Nani aliyelichemsha?"

"Dada yangu. Ana ufunguo. Alikuwa ametoka kidogo kununua maziwa. Lakini kabla sijajua, mwanangu, nilisimama pale jikoni nikisikiliza kama kuna mtu ngazini. Dakika mbili zile zilinizeesha."

Nerys aligeuka kumtazama Sioned. Sioned alikuwa amesogea karibu, daftari la kuchorea mkononi.

Baada ya hapo maneno yalimjia kwa taabu, lakini yalimjia. Dereva wa basi alimwambia kuhusu abiria asiyemfahamu aliyemwita kwa jina. Mwanamke kijana akasimulia juu ya bomba la maji alilolifunga na kulikuta wazi. Mzee mmoja alimfukuza kwa maneno makali. Nerys akalia kidogo nyuma ya meza ya jibini, akapangusa uso, akarudi. Saa kumi na nusu alikuwa na watu thelathini. Wanne tu ndio waliotaja kinyago.

"Birika?" Gethin alisema Jumatatu. "Filamu ya taharuki ianze na birika? Watatucheka!"

Sioned hakubishana. Alimwekea michoro mipya: mkono ukigusa birika, mkono ukirudi nyuma ghafla, meza yenye vikombe viwili, uso wa mwanamke ukiinuka kutazama dari.

Gethin akaipitia mmoja mmoja. "Vikombe viwili," alinong'ona. "Lo! Nimesisimka mwili."

Mwalimu Prosser aliupitia mpango, akautia sahihi. Kisha akamgeukia Nerys.

"Kuwa na haya si kosa. Ungeniambia siku ile ile, tungekusaidia. Lakini tazama uongo ulivyokufanyia. Wale watu thelathini wa kwanza hawakuweza kukuambia jambo lolote jipya, kwa sababu wote walikuwa wewe. Na mwenzako akachora wiki mbili bure. Mtu akishindwa na kazi, aseme ameshindwa. Kusema hivyo kunauma siku moja tu."

Gethin akakohoa, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Mwalimu, ile kamera... niliwaambia hawa naijua. Sijawahi hata kuishika."

Sioned akaangua kicheko, Nerys naye akamfuata. Mwalimu Prosser hakucheka. Alifungua kabati, akaitoa kamera, akaiweka katikati yao.

"Vuteni viti," alisema. "Tuanze na kuiwasha."