Fundi Aliyetoroka na Gauni la Wodi

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja. Mkewe alikuwa akichambua nguo za kufua, huku akiimba. Tangu jana alikuwa akiimba tu. Mumewe alikuwa amerudi kutoka hospitali na kumwambia, "Uvimbe wa figo umeyeyuka wenyewe. Sipasuliwi tena." Mama wa watu alimshukuru Mungu, akawapigia simu ndugu wote.

Ghafla wimbo ukakatika.

"Baba watoto, hili gauni la wodi limefikaje kwenye begi lako?"

Fundi aligeuka kulitazama gauni, akaisahau pasi. Pasi ikaanza kuunguza suruali. Mkewe akaizima.

"Nilitoroka," fundi alisema. "Walisema nitapasuliwa kwa roboti. Mimi mashine nazijua. Sindano ya cherehani ilishanitoboa kidole! Nikavaa koti na suruali juu ya gauni, nikapita getini kama niliyekuja kuona mgonjwa."

"Na mimi nimeshatangaza kwamba umepona!"

Fundi aliona aibu, akashindwa hata kumtazama.

Mkewe hakugomba. Alikwenda kumwita jirani yao, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ile ile. Fundi alitamani ardhi immeze.

Muuguzi alikaa kwenye kiti cha wateja. "Shemeji, cherehani yako inashona yenyewe?"

"Itashonaje bila mguu wangu?"

"Basi na roboti ni hivyo hivyo. Daktari anakaa mle mle chumbani. Anatazama kwenye skrini na kuiendesha kwa mikono yake. Asipoigusa, haisogei. Uvimbe wako umejificha nyuma ya figo, karibu na mishipa mikubwa ya damu. Vifaa vya roboti ni vyembamba, vinapinda na kufika penye shida. Wagonjwa wengi huondolewa uvimbe tu, figo ikabaki."

"Na wengine?"

"Sikufichi. Wengine huvuja damu. Wachache hulazimika kupasuliwa tumbo wazi, au kutolewa figo nzima. Lakini uvimbe kama wako ukiachwa unaweza kusambaa. Hauyeyuki kwa uongo, shemeji."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtoka. "Mama watoto, nisamehe. Niliogopa, nikakudanganya."

"Nimekusamehe. Ila hao ndugu utawapigia wewe mwenyewe."

Akawapigia mmoja mmoja. Kila simu ilimtoa jasho.

Alirudi wodini na gauni limefuliwa na kupigwa pasi. Palipokatika kamba alikuwa ameshonea mpya. Alilikabidhi kichwa chini. Wiki iliyofuata alipasuliwa kupitia matundu madogo tumboni. Uvimbe ukatoka, figo ikabaki. Mpaka leo anakwenda kupimwa kila anapoitwa.

Juzi mteja mmoja alimnong'oneza kwamba anakojoa damu, na hajamwambia mtu. Fundi akaweka mkasi chini. Aibu ilimpanda upya, lakini safari hii hakuificha.

"Kaa nikueleze jinsi nilivyotoroka hospitali na gauni lao," alisema. "Kisha tunakwenda wote."