Kitambaa cha Kabati la Kompyuta

Siku ya gulio stendi ya Kibondo haina adabu. Mbuzi, ndizi, magunia ya maharage na watu, vyote vinasukumana. Katikati ya fujo hiyo Faudhia alimwona mwanamume mwenye tai na viatu vyeupe, Kibondo hii ya udongo mwekundu, akiwafokea wapagazi waliokuwa wakishusha kabati la chuma kutoka kwenye lori.

"Polepole! Hilo si friji la bia!"

"Na wewe si bwana harusi," Faudhia alimwambia. "Shika upande huo. Hilo kabati ni la ofisi yetu."

Huyo ndiye Omary, fundi kutoka Kasulu. Faudhia alitunza chumba cha kompyuta katika shirika la kuwagawia wakimbizi chakula, na kabati lilikuwa la kupangia mashine za diski zenye majina yao. Alimdharau Omary njia nzima. Kisha akamwona kazini: alifunga kabati sakafuni kwa boliti, akaunga waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini, akapanga mashine nzito chini na nyepesi juu.

"Usivute mbili kwa pamoja, malkia. Kabati litakulalia."

"Afadhali kabati kuliko wewe," akasema, kisha akacheka, na hapo ndipo moyo wake ulipotekwa.

Omary aliporudi Kasulu, mapenzi yakahamia kwenye simu ya posta.

"Umenikumbuka, mpenzi?"

"Kidogo."

"Kidogo tu?"

"Usijivune. Jumamosi njoo usafishe feni."

Omary alikuja, Faudhia akamwachia ufunguo akaenda zake. Jumatatu Faudhia alifungua chumba akakuta joto la tanuri. Mashine zimezima, diski moja imeungua, mgao wa chakula umesimama. Nyuma ya kabati, pale hewa moto inapotokea, kilining'inia kitambaa cheupe kilichofumwa maua mekundu, kama vile wanawake wanavyofunikia televisheni.

"Sijui kimetoka wapi," Omary alisema alipoitwa. Meneja akamfukuza Niyibizi, mama mfagiaji, akidhani ni chake, na Omary akatazama viatu vyake.

Niyibizi hakujua hata kushika sindano ya kufumia. Faudhia akajijibu mwenyewe: Omary ana mwanamke Kasulu. Tangu siku hiyo kila simu ya Omary ilikatwa, mpaka siku moja alipowahi kusema kabla haijakatwa.

"Si mwanamke, Faudhia! Ni mama yangu. Nilimleta Jumamosi ile aone kazi yangu. Akasema chombo cha thamani hakiachwi uchi, akakifunika kwa kitambaa chake. Nilijua kitaziba hewa, nikaona haya kukiondoa mbele yake. Baadaye nikasahau."

Faudhia akacheka kwa dharau.

"Bora ungekuwa na mwanamke mwingine! Huyo ningemwonea wivu. Wewe nikuonee nini? Jitu zima na tai shingoni, linaogopa uzi! Na watoto wa Niyibizi watakula haya zako?"

"Nikisema nitapoteza kazi."

"Poteza." Akakata simu.

Kesho yake Omary aliingia ofisini na mama yake, Bi Mwajabu, ndani ya buibui lililojaa vumbi.

"Kosa ni langu," Omary alimwambia meneja. "Nilikiona kitambaa nikakiacha, kisha nikanyamaza. Niyibizi hana hatia."

Meneja akatuma mtu amwite Niyibizi arudi kazini, na Omary akaonyeshwa mlango.

"Yarabi! Kwa nini hukuniambia?" Bi Mwajabu aliuliza. "Nilidhani ni kabati la vyombo!"

"Ungekasirika, mama."

"Ningekasirika, kisha ningekula chakula changu cha mchana. Mjinga wewe!"

Faudhia akampenda mama yule palepale. Uani, Omary akamsogelea akinong'ona.

"Sina kazi, sina heshima. Nilitaka kukuposa nikiwa navyo vyote viwili."

"Heshima hukuwa nayo. Leo ndiyo umeipata kidogo."

"Kwa hiyo?"

"Usininong'oneze. Mama yako yule pale. Uliza kwa sauti."

Omary akamtazama mama yake, akauliza kwa sauti mpaka mlinzi wa getini akageuka. Faudhia hakuharakisha jibu. Alimwacha asimame hapo, angalau mara moja aogope kitu cha maana. Kisha akamwambia ndiyo.