Kura Saba za Nyumba ya Bi Khole

Maneno yalianzia saluni ya mtaa wa Khuwair: Muatasim anamuoa binti wa Harub, yule mwenye machimbo ya mawe, anayegombea kiti cha Baraza la Shura kilichoachwa wazi na mjumbe aliyefariki. Raghad aliyasikia akioshwa nywele, kichwa kimo ndani ya beseni, na tangu siku ile hayakumtoka.

Huyo Muatasim, Raghad alikuwa kamjua miezi miwili tu. Walikutana mtaa wa Ghala, kwenye gereji iliyojaa watu, gari ya Raghad imepata pancha. Yeye kavaa abaya ya rangi ya chai ya maziwa. Muatasim kanzu nyeupe, kilemba cha zambarau, ananukia udi, anagawa karatasi zenye picha ya Harub.

"Chukua, dada, ujipepee."

"Uso wa mzee huyu utanizidishia joto."

Akacheka mpaka karatasi zikamdondoka.

Sasa Raghad akampigia simu.

"Watu wanasema unaoa."

"Wanasema kweli. Nnakuoa wewe. Habibti, uchaguzi Jumapili, Ijumaa yake wazee wangu wako kwenu kwa posa. Nyumbani kura mnampa nani?"

"Bibi kampa ahadi Sleyum, mtoto wa kaka yake, naye anagombea. Akisema bibi, nyumba nzima imesema."

"Wangapi?"

"Saba."

"Sasa mimi mkwe wenu, kwa Harub nende na uso gani?"

Kura siku hizi hupigwa kwa simu na kitambulisho, na simu za wazee zimo mikononi mwa vijana. Jumapili asubuhi Raghad akakaa miguuni pa bibi yake, Bi Khole.

"Bibi, mpe Harub. Kwa ajili yangu."

"Nna ahadi na Sleyum, mwanangu. Nlimwambia mbele za watu."

"Basi mimi siolewi; anayekuja kuniposa ni mtu wa Harub."

Bi Khole akamtazama sana, kisha akampa kitambulisho; kura ya Harub ikapigwa kwa simu yake bibi. Sita waliobaki wakafuata.

Harub alimshinda Sleyum kwa kura tano.

Ijumaa Raghad kavaa kijani, halua iko mezani, vikombe vya kahawa vimepangwa. Alasiri ikapita. Kwenye simu ikaingia kadi, katumiwa na rafiki yake Taghreed: milka, akdi ya ndoa, ya Muatasim na binti wa Harub.

Akampigia.

"Nilitaka nikwambie mwenyewe," alisema Muatasim. "Zile siasa, Raghad. Usizitie moyoni."

"Na bibi yangu?"

"Bibi atajuaje?"

"Anajua. Ndiye anayeondoa vikombe."

Magharibi akaja Sleyum, kama kila Ijumaa, kumuamkia shangazi yake.

"Usihuzunike, shangazi. Zenu saba nlizipata."

Bi Khole akainamisha kichwa.

"Hukuzipata, ami," alisema Raghad. "Mimi ndiye niliyewageuza."

Sleyum akairudisha sahanini halua aliyokwisha kuishika, akavaa viatu.

Basi, wanangu, jiepusheni na haya:

Mwanamume anayeuliza nyumbani mko wangapi, na jina la baba yako hajaliuliza.

Posa inayongoja jambo jingine liishe kwanza.

Kuitwa habibti pale ulipotaka jibu.

Kutandika meza kabla mgeni hajafika mlangoni.

Kulivunja neno la mkubwa wako kwa simu yake mwenyewe.