Oktavia na Malori ya Luqmani

Siku Oktavia alipoteremka stendi ya Makambako na kompyuta iliyofungwa blanketi, upepo ulikuwa unamwaga vumbi hadi kwenye sahani za wauza chipsi. Alivaa sweta jekundu, sketi ya kijivu na msalaba mdogo shingoni. Akamwita kijana wa kwanza aliyemwona, mwenye kofia ya kiua na shati lenye grisi.

"Kaka, nibebee hii mpaka ofisi ya malori. Taratibu, hilo si gunia la viazi!"

Kijana akaibeba begani. Walipofika akaitua mezani, kisha akakalia kiti cha bosi.

"Karibu, dada. Mimi ndiye Luqmani uliyekuja kumtengenezea programu ya mizigo. Na ujira wangu wa ukuli?"

Oktavia alitamani ardhi ipasuke. Luqmani alicheka hadi machozi, na moyo wake ukamwendea binti hapo hapo.

Programu ile aliiandika kwa Objective-C, lugha ya kompyuta aliyojifunza Dar es Salaam. Luqmani akavuta kiti karibu.

"Mbao ni mbao, kuku ni kuku. Utaviwekaje pamoja?"

"Kila kimoja kina aina yake, lakini vyote vina uzito na mahali pa kushukia. Napitia kimoja kimoja, nauliza hayo mawili tu."

"Na ukiziuliza mbao kama zimekunywa maji?"

"Programu inakufa. Kwa hiyo naanza kwa kuuliza: hili unaweza kulijibu?"

"Mashallah! Kichwa hicho kimetunzwa wapi?"

"Njombe. Kwenye baridi vitu haviozi."

Nani asingempenda binti yule? Aliporudi kwao, simu ikawa inaita kila jioni.

"Hujambo, baridi yangu?"

"Sijambo, vumbi langu."

Jioni moja Luqmani akaanza kwa furaha: "Nimeshaongea na shehe! Utasilimu Ijumaa, halafu tufunge ndoa. Na jina nimekuchagulia, Rukaiya."

"Luqmani, umeniuliza?"

Oktavia akakata simu. Tangu hapo Luqmani akipiga, hampati. Mwanaume akakonda, chai ikawa inapoa mbele yake.

Jumapili moja waumini walimkuta Luqmani nje ya kanisa huko Njombe, kanzu nyeupe imenyooka, hana sweta, meno yanagongana. Oktavia akatoka na kitenge chake cha bluu mabegani.

"Utakufa kwa baridi wewe."

"Nisamehe. Nilikuamulia. Nimepita bomani, kule wanafungisha ndoa kila mtu na dini yake. Wanachotaka ni tuwe na umri na tuwe tumekubaliana."

"Umri tunao. Hilo la pili hujaniuliza."

Luqmani akauliza mbele ya wanakwaya wote: "Oktavia, kwa jina lako hilo hilo na misa yako hiyo hiyo, utakubali kuwa mke wangu?"

"Baba yako amesemaje?"

"Kasema nisikanyage kwake tena."

Oktavia akamtazama kwa mapenzi tele, akavua kitenge na kumfunika mabegani.

"Nakubali. Sasa twende kwa mama yangu. Naye atatufukuza, ila kwanza atatupa chai."