Mawe Tumboni mwa Mama

Kila jioni kazi ya Chiriku ilikuwa kuchambua mchele. Chiriku halikuwa jina lake, ila tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, na nyumba nzima ikasahau jina alilopewa alipozaliwa. Aliketi kizingitini, sinia mapajani, mdomo ukienda mbio kuliko vidole.

"Umechambua mara mbili?" aliuliza mama yake, fundi cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye sare alizokuwa akishona.

"Mara mbili na nusu, mama!"

Uongo mtupu. Alikuwa amelitikisa sinia tu na kupuliza makapi juu juu, kwa sababu wenzake walimwita uani kuruka kamba.

Wakati wa kula, baba yake alitafuna kitu. Kwaru! Akatoa kijiwe mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Chiriku, unatujengea nyumba tumboni? Mawe umeshaleta, bado saruji."

Walicheka wote isipokuwa mama. Yeye alikuwa ameshika ubavu wa kulia, chini kidogo ya mbavu, uso umemkunjamana. Kutwa alikuwa ameinamia cherehani bila kutia kitu mdomoni.

"Ni gesi tu," alisema. Alikuwa akisema hivyo kwa wiki nyingi.

Asubuhi cherehani haikulia. Chiriku alimkuta mama amejikunja sakafuni kati ya vitambaa, jasho linamtiririka, mwili unawaka moto. Alipomgusa ubavu, mama alipiga ukelele ambao Chiriku hakujua kwamba unaweza kutoka kwa mtu mzima. Mtoto aliyezoea kusema kutwa akafumbua kinywa, sauti isitoke. Ilibidi akimbilie karakana ya baba yake, fundi seremala, akamvute kwa mkono bila neno.

Hospitalini, daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, alimpaka mama utelezi tumboni, akapitisha juu yake kifaa kidogo. Picha ya kijivu ikacheza kwenye kioo cha mashine.

"Hiki ni kifuko cha nyongo," alisema. "Na hivi vinavyong'aa ni mawe."

"Mawe?" baba aliuliza.

"Mawe, baba. Tena mengi."

Chiriku aliona chumba kinazunguka. Masikio yakavuma. Ni milo mingapi ya jioni? Ni mara ngapi alilitikisa sinia na kukimbilia kamba? Hakusikia vizuri daktari aliposema kwamba kifuko kimevimba na kimepata maambukizi, na kwamba mama lazima afanyiwe upasuaji siku hiyohiyo. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na neno moja tu: mimi, mimi, mimi.

Daktari alipotoka kuwaandaa wenzake, shangazi aliingia na kikapu. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hata mbwa wa mtaani walimpisha njia.

"Mawe!" alisema alipoelezwa. "Si nimepiga kelele kila siku kuhusu mchele wa nyumba hii? Sasa wifi yangu akachanwe tumbo kwa changarawe? Kilichoingia kwa mdomo hakikosi njia ya kutokea." Akatoa kikapuni chupa ya mafuta ya nyonyo. "Anywe haya, aharishe, yaishe."

"Lakini dada, daktari amesema..." baba alianza.

"Daktari ana kisu, wewe una mke. Chagua!"

Mama aligeuza uso kwa shida. "Mimi kisu nakiogopa," alinong'ona. "Kama ni ya mchele, basi yatatoka. Nipe, wifi."

Shangazi akafungua kizibo.

Chiriku aliikodolea chupa macho. Ikiwa ni kweli mawe ni ya mchele, atakuwa amemlisha mama yake mawe. Akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba alidanganya. Lakini kama si kweli, je? Mama atakunywa mafuta, kisha kitatokea nini? Nani anajua? Anayejua alikuwa nje ya mlango ule.

Alichomoka.

"Daktari!" Sauti ilimtoka kama iliyokwama kooni tangu asubuhi. "Shikamoo. Njoo! Wanataka kumnywesha dawa! Ni makosa yangu, mchele sikuuchambua. Nilidanganya. Nilisema mara mbili, hata mara moja sikuuchambua!"

Daktari aliingia kwa hatua ndefu, akaichukua chupa mkononi mwa shangazi kwa upole uliokuwa na nguvu kuliko kupokonya. Kisha akainama mbele ya Chiriku.

"Nisikilize. Mama yako hakumeza hata jiwe moja kati ya haya. Ameyatengeneza mwenyewe, ndani ya mwili wake."



"Mimi?" mama aliuliza. "Nimetengeneza mawe?"

"Bila kujua, mama. Ini hutengeneza nyongo, maji machungu yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Kifuko huyahifadhi. Ndani ya nyongo mna chumvi zake, mna mafuta yanayoitwa kolesteroli, na mna protini. Kolesteroli ikizidi, hujitenga na kuwa chembe ndogo ngumu. Na kati ya protini hizo zipo zenye kunata, zinazofanya ute mzito kwenye kuta za kifuko."

Baba alikuna kichwa. "Zinanata kama gundi?"

"Wewe ni seremala? Gundi ikidondokea vumbi la mbao, inakuwaje?"

"Inashika vumbi," Chiriku alidakia kabla ya baba. "Linakuwa donge gumu. Huwezi kulivunja hata kwa nyundo!"

"Basi ndivyo ilivyo. Ute unazishika chembe, chembe zinaitana, donge linakua. Zipo protini nyingine zinazochelewesha jambo hilo, lakini zikishindwa nguvu, jiwe huzaliwa. Na mtu akikaa muda mrefu bila kula, kifuko hakijikamui. Nyongo inalala humo na kuwa nzito. Si sababu pekee, hata ukoo huchangia. Ila mchele haumo." Akamgeukia shangazi. "Chakula hakipiti ndani ya kifuko hiki, mama. Dawa ya kuharisha haiwezi kuyasukuma mawe haya yatoke. Na kifuko kilichovimba hivi kikipasuka, tutampoteza."

"Na mtu ataishije bila nyongo?" shangazi aliuliza, sauti imepungua.

"Nyongo inatoka kwenye ini, na ini linabaki. Kifuko ni ghala tu."

Mama alimtazama binti yake aliyekuwa akilia kwa kwikwi. "Ulidhani umeniua, mwanangu?" Kisha akafumba macho. "Nipelekeni, daktari. Nakiogopa kisu, lakini naogopa zaidi kumwachia mtoto mzigo usio wake."

Baba na Chiriku walikaa nje. "Mawe si yako," baba alisema. "Uongo ni wako. Huo utaujibu nyumbani." Chiriku akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake mama aliketi kitandani, midomo imepauka lakini macho yana uhai, na daktari akawaonyesha kichupa chenye mawe yale. Chiriku alishika mdomo. Yalikuwa ya rangi ya asali iliyoungua, yenye uso laini na pembe, yamebanana kama punje za mahindi. Hayakufanana na changarawe hata kidogo.

"Haya yote yalikuwa ndani ya mtu anayesema ni gesi?" baba aliuliza.

Shangazi alikuwa amekikazia macho kichupa. Polepole aliweka kiganja ubavuni, upande wa kulia.

"Daktari," alisema, "hata mimi. Mwaka mzima. Nikila kitu chenye mafuta, hapa panachoma mpaka begani. Nimekuwa nikinywa mafuta ya nyonyo."

Mama aliinuka kwenye mto. "Wifi! Na hukusema?"

"Ningesema nini? Wa kuwaelekeza wote ni mimi." Alimvuta Chiriku kwake, akamkumbatia kwa mkono mmoja. "Mtoto huyu alikuwa na kosa la kuficha, na bado akakimbia kuuliza. Mimi sikuwa na kosa lolote ila maumivu, nikayaficha. Sikia, Chiriku, na mnisikie wote: ukiogopa kumuuliza anayejua, hofu ndiyo itakayokujibu, na hofu haijui kitu."

Kisha shangazi akasimama, akaitengeneza kanga yake, na akamfuata daktari kwenye chumba cha mashine ya picha.