Nyumba Isiyo na Jirani

Jumatano alasiri Mardhiya alirudi kutoka kazini, kwenye flati yao ya London, akamkuta mama yake amemimina vikombe vitatu vya chai. Kimoja chake, kimoja cha bintiye, na cha tatu kiko mbele ya kiti kitupu cha dirishani, kimefunikwa kwa kisahani kisipoe.

"Cha nani hicho, mama?"

"Cha mgeni wako," Bi Mwanakhamis alijibu kwa sauti ya chini. "Katoka kidogo."

Mwanamke mwingine angeshtuka. Mardhiya alivua koti akakaa kunywa chai yake. Tangu alipomzika mumewe mwaka jana, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakulia matangani, hakucheka sikukuu, na mambo ya dunia yalimpita kama basi lisilo la njia yake. Mama ana miaka sabini na nane, alijiambia, akili imeanza kuchoka. Lakini flati nzima ilinuka udongo uliolowa na majivu ya zamani, na harufu hiyo aliijua.

Aliikuta Jumatatu, kazini. Na kazi yenyewe, ukiieleza Unguja watakucheka. Bibi Bhavini, mwenye ofisi ndogo kule Kingsbury, humtuma akague kaunti za mashamba kwa ajili ya Waingereza wanaoamini kwamba siku moja umeme utazimika, maduka yatabaki matupu, na London haitakalika. Watu hao wanataka kujua wakimbilie wapi. Basi Mardhiya hupanda treni, akapima kina cha visima, akauliza udongo unaotesha nini, akahesabu maili mpaka barabara kuu, kisha akaipa kaunti alama. Jirani akiwa mbali, alama zinapanda. Hapo ndipo alipowaona wateja wake hamnazo: kwao Unguja watu humwomba Mungu jirani wa karibu, na hawa wanamkimbia.

Kaunti ya safari hii ilikuwa mpakani na Wales. Mwisho wa bonde palikuwa na nyumba ya mawe, tupu miaka arubaini, chemchemi nyuma yake, jirani maili sita. Ofisi ilikuwa haijapata kuona alama nzuri kama zile. Alipofika mlangoni alipiga hodi, kwa mazoea tu, maana Mzanzibari haingii nyumba ya mtu bila hodi, hata iwe gofu. Na ndani sauti ikamjibu, "Karibu."

Mwenye moyo mzima angekimbia mpaka stesheni. Mardhiya alidhani ni kichwa chake, akaingia, akahesabu madirisha, akapima kuta. Wakati wa kutoka, kwa adabu aliyofunzwa utotoni, mdomo ukasema wenyewe: "Ahsante. Karibu na kwetu."

Naye aliyealikwa akaja.

Alhamisi vikombe vilikuwa vitatu tena. Ijumaa kile kiti cha dirishani kililia kama kimekaliwa na mtu mzito, na zulia chini yake likawa na matope mabichi. Jumamosi Mardhiya alisimama nje ya sebule na mifuko ya soko mikononi, akamsikia mama yake akisimulia harusi yake mwenyewe, kwa sauti changamfu asiyoisikia tangu walipotua Uingereza, na kila mama aliponyamaza ilifuata pumzi ndefu ya kitu kinachosikiliza, pumzi iliyotoka kitini na ukutani na chini ya sakafu kwa pamoja, huku harufu ya majivu ikimwingia Mardhiya mpaka kooni, naye akasimama pale akiisubiri hofu imjie, akaisubiri sana, wala haikuja.

Aliingia akapiga magoti mbele ya mama yake. "Anataka nini?" alinong'ona.

"Hataki kitu, mwanangu. Anakaa na mie. Weye unatoka alfajiri, unarudi umechoka, hunisemezi." Kisha akashusha sauti zaidi. "Kanikaribisha kwao. Anasema nyumba kubwa, kimya mno."

"Ukamjibu nini?"

Bi Mwanakhamis alikitazama kiti kwanza. "Nimemwambia nishakaribia. Ulitaka nimvunjie mgeni heshima?"

Jioni ile Mardhiya alikwenda kwa Maalim Haroub, aliyekuwa akisomea watu nyuma ya mgahawa mmoja Edgware Road. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani yake.

"Huyu hakukuvamia, umemwalika. Kisomo hakitamtoa. Msindikize, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, mpaka mlangoni kwake. Atakukaribisha. Usimjibu, na usiingie. Ukiingia mara ya pili, umekuwa mtu wa nyumba ile."

"Na mama yangu?"

"Fanya haraka," maalim alisema, asimtazame usoni.

Jumapili asubuhi jirani yao Shenaz, mzaliwa wa Mombasa, alikuja kukaa na mama. Mardhiya alifungua mlango wa flati. "Twende nikusindikize," alisema kwa upole, na kiti cha dirishani kikalia. Ndani ya treni watu walisimama, lakini hakuna aliyekaa kando yake. Kiti kile kilikuwa kimelowa.

Walifika bondeni saa tisa, mwanga wa Desemba umeanza kufifia. Nyasi zililala zenyewe mbele yake, hatua baada ya hatua, mpaka mlangoni, na mlango ukafunguka. Mardhiya akageuka aende zake. Simu ikalia.

"Mardhiya," Shenaz alisema kwa mnong'ono, "mama yako kafumbua macho, anapumua, lakini nikimwita haitiki. Yuko hivi tangu ulipotoka, mimi nilidhani anapumzika. Ambulensi inakuja."

Na kabla hajajibu, kutoka ndani ya nyumba ile isiyo na taa wala moto wala mtu, ilitoka sauti iliyombembeleza alipokuwa mchanga, ile ile, na kikohozi chake, ikasema: "Karibu, mwanangu. Mbona umesimama kwenye baridi?"

Hapo ganzi ikamtoka. Hofu ya mwaka mzima ilimwingia kwa mara moja, na kilio cha msiba wa mumewe nacho, akalia kwa sauti katika bonde ambalo jirani yake yuko maili sita na hospitali maili arubaini, sifa alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, na aliogopa mpaka meno yakagongana, na alijua treni ya kurudi ilikuwa bado, na njia ya stesheni ilikuwa wazi nyuma yake.

Akavua viatu, akaviweka pamoja kando ya mlango, akaingia.